Chungu cha Watu Wawili

Kwetu mwanamke aliyeolewa akichemsha maji kabla ya adhana ya alfajiri, haihitaji kupigiwa ngoma. Kijiji kizima kinajua. Mume kalala kwake, na pamefanyika jambo linalowataka waoge kabla hawajasimama kuswali. Josho la janaba mwalimu wa chuo alitufundisha sote, wake kwa waume: mwili mzima, na maji yafike mpaka kwenye mizizi ya nywele. Kwa hiyo moshi wa saa ile si moshi wa uji. Hata watoto wanajua, ila wanajifanya hawajui.

Na moshi wa Mishi ulikuwa unatoka kila zamu yake.

Mimi ndiye mke mkubwa, Mwantum. Niwaambie mapema kwamba nina wivu. Sikuanza jana na wala sina mpango wa kuacha. Anayetaka kusikia habari za mke mkubwa mwenye moyo mpana, anayempokea mke mwenzake kwa vigelegele, akamtafute huyo mwanamke, na akimpata aniletee na mimi nimwone.

Mume wetu alikuwa Mustapha, mtu wa nta. Alinunua masega kwa warina asali wa milimani, akaiyeyusha nta, akaimimina iwe mikate ya manjano, akaipeleka kwa wafanyabiashara. Nilizaa naye Swaumu, na Swaumu nilikuwa nimekwisha kumwoza, ndipo mwanamume akaniletea Mishi. Huyu alikuwa binti wa watu wa misafara waliotoka pwani ya Pangani wakalowea huku kwetu Irangi. Kanga mbili mbili, udi kwenye nguo, nywele zimesukwa mistari na kila njia imepakwa dalia ya manjano inayonukia. Mimi ni mtu wa mlimani. Najua kukamua ng'ombe na kupura mtama, na kichwa changu nilikuwa nakinyoa ili nisihangaike na chawa. Haya, niambieni nyie, ningeacha kuona wivu?

Tulikaa ua mmoja, tembe mbili zinazotazamana, mafiga yangu huku na mafiga yake kule. Mustapha aligawa zamu kama inavyotakiwa, siku mbili kwangu na siku mbili kwake. Sikuwa na la kulalamika, maana alikuwa mume wa haki, na nilipochemsha maji mimi na yeye mwenzangu aliuona moshi wangu. Tulikuwa tumelingana. Hayo ni ya kabla ya viboko.

Mwaka huo reli ilikuwa imefika Dodoma, na Wadachi walitaka wapagazi wa kushusha mizigo mpaka huko. Jumbe akaona Mustapha anaijua njia, akamweka awe kiongozi wao. Walipofika katikati ya pori wale wapagazi waliitupa mizigo, kila mtu akashika njia yake. Mustapha angeweza kukimbia naye. Badala yake akarudi mwenyewe bomani kueleza yaliyotokea, akidhani mkweli hupewa maji ya kunywa. Wakamlaza chini siku ya gulio, nguo wakamvua, wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu wote. Na sisi wake zake tulikuwepo, tumesimama na wengine.

Nilimuuguza kwa samli. Mgongo ule ulikuwa umechanika, kwa hiyo alipolala kwangu akaugeukia ukuta sikusema kitu. Nani angesema? Lakini mtama ukavunwa, ukapurwa, ukaingia ghalani, mgongo ukapona ukabaki na makovu tu, na mwanamume bado anaugeukia ukuta. Nikimgusa bega anasema kachoka. Nikimgusa tena anasema kichwa kinamuuma. Siku nyingine hasemi kitu, anapumua tu kama mtu aliyelala, na mimi mume wangu namjua akilala anavyopumua, hakuwa amelala hata kidogo.

Ningesema ni maradhi. Ningemhurumia, wallahi. Lakini zamu ya Mishi ikifika, alfajiri moshi huo! Unapanda, unazunguka juu ya dari la tembe yangu, unaingia mlangoni kunitafuta. Namwona Mustapha anakwenda kwenye uzio wa mabua tunakoogea, kata mkononi, anarudi maji yanamtiririka ndevuni. Palipo na moshi pana moto, walisema wazee. Mimi nikajua kwangu ndiko moto ulikozimika, kule unawaka.

Nilikonda. Nikaanza kumlisha kama mtu anayenenepesha beberu wa Idi. Mayai, supu ya kwato, maziwa mabichi na asali, karanga za kukaanga, na siku ya pili ya zamu ya Mishi ndiyo nilimzidishia, ili akitoka kwake asiwe mikono mitupu kwangu. Baadaye nikagundua Mishi naye anamtilia tangawizi na karafuu na pilipili manga kwenye kila kitu. Mwanamume alikula kwa wanawake wawili na bado anapungua. Pia nilimwona akilamba unga fulani mwekundu alionunua kwa mchuuzi wa dawa wa msafara, siku hiyo moyo ukamwenda mbio mpaka akakaa chini jasho linamtoka, akaniambia ni jua. Nikasema moyoni, anakula dawa ya kumtosha yule, mimi nabakiziwa ukuta.

Kilichonimaliza ni kicheko. Sisemi Mishi alinicheka. Nilikisikia tu masikioni mwangu, kila nilipokwenda chemchemini. Alfajiri moja ya zamu yangu nikaamka, sijaguswa, nikapanga mafiga, nikateleka maji. Nikapuliza moto wangu kwa makusudi mpaka moshi ukajaa ua mzima. Mustapha akatoka, akanitazama, akayatazama maji. Hakuuliza josho la nini. Akachota akaenda kuoga.

Nilidhani ananihurumia, na huruma ile ilinichoma kuliko dharau. Lakini sikuacha. Zamu yangu moshi, zamu yake moshi. Tulizimaliza kuni za karibu tukawa tunakwenda kuzitafuta mbali makorongoni, kila mtu na njia yake, na anayerudi na mzigo mkubwa anapita mbele ya mwenzake polepole. Mishi akawasha mapema, mimi nikawasha mapema zaidi. Ikafika mahali jogoo wanatushangaa.

Kijiji nacho kina macho. Wanawake wakaanza kunitania chemchemini, mama we, huyo wenu chuma? Wanaume wakampa Mustapha jina, wakamwita Simba wa Majoshi, jitu lililopigwa viboko vile vyote likainuka na nguvu maradufu. Halafu wakaanza kuja, mmoja mmoja, jioni jioni, wanajifanya wanauliza bei ya nta. Wanainama, wananong'ona. Walitaka dawa. Mzee mmoja wa Kigogo, Matonya, alitembea kutoka upande wa Dodoma na mbuzi wake, kwa sababu habari za mtu wa Irangi mwenye moshi wa kila alfajiri zilimfikia huko. Mustapha alimkatalia akashindwa, yule mzee hakuondoka. Mwishowe akampa kibuyu cha asali akamwambia aache ugoro, alale mapema, asigombane na mkewe. Matonya akashukuru kama kapewa ng'ombe. Mimi niliyasikia hayo kutoka nyuma ya ukuta, nikasema kumbe siri yenyewe ni kutogombana na mke. Basi mke asiyegombana naye ni yule.

Siku hiyo nikatuma salamu kwa kaka yangu Yahaya aje.

Sheria naijua. Mume akimnyima mkewe haki ya unyumba akampa mwingine, mke anakwenda mbele ya mwalimu na wazee, na mume lazima ajibu. Nilitaka Mustapha asimame msikitini baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya hao hao wanaomwita Simba, aseme kwa kinywa chake kwa nini moto wake ni wa nyumba moja. Akishindwa kujibu, anipe talaka yangu niende. Yahaya aliwasili baada ya wiki tatu, Alhamisi asubuhi, miguu imejaa vumbi, nikampa maziwa na maneno yangu yote. Akaniambia ikiwa ndivyo nisirudi nyuma. Nikamwambia nirudi nyuma kwa nani?

Kisha nikachukua mtungi nikaenda chemchemini, na nikamkuta Mishi peke yake.

Alfajiri hiyo hiyo moshi wake ulikuwa umetoka, tena mzito. Alikuwa ameinama anachota, hakuniona. Kanga ikamteleza kichwani ikaanguka mabegani. Nikaziona nywele zake. Mistari ile ile aliyosukwa mwezi ulipoandama, na mwezi wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa. Na kwenye kila njia dalia imekaa, kavu, ya manjano, imeanza kupasukapasuka na kushika vumbi. Nyie hamjui dalia. Ni unga tu, ukiumwagia kata moja ya maji unatiririka wote mpaka shingoni. Kichwa kile kilikuwa hakijaona maji tangu kisukwe.

Sikilizeni, nilifurahi. Sitawadanganya. Nilisimama pale na mtungi wangu mtupu, furaha ikanipanda. Moshi wa uongo! Bibi wa Pangani na udi wake, anachemsha maji ya bure kama mimi.

"Mishi," nikamwambia, "mbona kichwa chako kikavu?"

Aliinuka taratibu. Akaivuta kanga akajifunika, akautua mtungi wake chini kwanza, kisha akanitazama.

"Na wewe Bi Mkubwa, mbona chungu chako kidogo? Watu wawili hawaogi chungu cha mboga."

Furaha ikanitoka hapo hapo. Kumbe alijua. Kila zamu yangu alikitazama kile chungu changu cha mboga juu ya mafiga, akapima maji kwa macho, akajua ni ya mtu mmoja, akanyamaza. Mimi na kichwa changu cha kunyoa nilidhani hakuna wa kunikamata. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu mwanzo. Nikamuuliza amejuaje tangu mwanzo, na hapo akaanza kuzungusha pindo la kanga kidoleni.

Alinieleza huku anatazama maji. Kwamba tangu siku ya viboko Mustapha hana nguvu za kiume, si kwangu wala kwake. Kwamba wiki ile ile ya kwanza alikaa kitandani kwa Mishi akalia, akamwambia kila kitu, kwamba mwili umekataa, anauita hauitiki. Moshi ulikuwa shauri la Mustapha mwenyewe. Alimwomba Mishi awashe moto ili mimi nisijue.

Nyie! Nilikuwa nimeuonea wivu mwili wa Mustapha miezi yote ile, na mwili haukuwa kwa mtu. Kumbe alichompa yule ni kikubwa kuliko mwili. Alimpa siri yake. Machozi yake alikwenda kuyamwaga kwa mwanamke wa juzi, mimi niliyempaka samli mgongoni kwa kiganja changu hiki nikapewa ukuta na moshi. Nikauliza swali moja tu, kwa nini wewe.

"Nilimuuliza," Mishi akasema. "Alisema kwa sababu siku ile wewe ulitazama."

Sikuelewa, akanieleza. Mustapha alipolazwa chini, Mishi alijifunika uso kwa kanga. Kwao hivyo ndivyo unavyomsitiri mtu, humwoni katika fedheha yake, na baadaye mnaishi kama haikuwa. Mimi sikujifunika. Nilisimama mbele kabisa nikamkazia macho mpaka kiboko cha mwisho, sikupepesa. Na Mustapha, uso wake ukiwa umebanwa kwenye mchanga, aliyaona macho yangu. Tangu hapo kila akinigusa anayaona, anakuwa pale chini tena, uchi, kijiji kimezunguka.

Nilijaza mtungi, nikajitwika, nikaondoka, nusu ya maji ikanimwagikia njiani.

Ijumaa ikafika, swala ikaswaliwa, wanaume wakakaa uwanjani mbele ya msikiti na sisi wanawake upande wetu. Mzee Matonya naye alikuwepo, kasimama nje ya kigo, ule uzio wa msikiti, kwa sababu si Mwislamu, amerudi na mbuzi wa pili wa shukrani. Mwalimu akasema kuna mwanamke ana shauri lake na mumewe, asimame aseme. Nikasimama. Yahaya akakohoa kunipa moyo. Mustapha alikuwa amekaa mbele yangu, kichwa chini, vidole vyake vyenye nta vinachimbachimba mchanga. Alikuwa anajua ninachokuja kudai, na alikuwa anajua atakachotakiwa kujibu.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Ningesema mume wangu hawezi, na yeye kwa aibu angenipa talaka yangu siku hiyo hiyo bila mzozo. Ningerudi kwa kaka yangu na heshima yangu. Mustapha angebaki pale na wale waliomwita Simba, na bora wangemrudisha bomani wampige upya kuliko kicheko ambacho angekipata. Nilikuwa na hasira ya kutosha kulisema. Nilifungua mdomo.

Halafu nikamwona Mishi. Amekaa na wanawake wenzake, kajifunika uso kwa kanga yake. Nikajua kitu kimoja waziwazi kabisa: mimi nikiondoka, huyu haondoki. Atabaki naye. Atamuuguza, watalia pamoja, watanong'ona pamoja mpaka wazeeke, na mimi nitakuwa nakamua ng'ombe wa Yahaya. Thubutu!

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kushtaki kuni."

Mwalimu akaniambia niseme vizuri.

"Kuni zimekwisha milimani. Mume wetu hana huruma nasi. Kila alfajiri josho, kila alfajiri moshi, mwenzangu na mimi tumechoka, migongo inatuuma kwa kubeba kuni. Mwambie atupumzishe. Zamu zake alale, lakini asituguse mpaka mvua ya kwanza inyeshe."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mwalimu alijifuta macho kwa kilemba. Wazee wakampiga Mustapha mabegani, Matonya kule nje ya kigo akanyanyua fimbo yake juu. Mwalimu akasema mwili wa mtu si chuma, na wake wana haki ya kupumzika, basi imekuwa hivyo, mpaka mvua ya kwanza Mustapha asimguse mke yeyote. Yahaya peke yake hakucheka. Alinifuata njiani akaniuliza kama nina akili, mtu atembee usiku kucha kuja kusikia habari za kuni. Pale uwanjani Mustapha alikuwa amenyanyua kichwa, ananitazama, na mimi nilipita pembeni yake sikumwangalia, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeanza kuyaogopa macho yangu.

Kwa siku tatu kila mtu alishika kazi yake. Siku ya nne Mustapha alikuwa uani anayeyusha nta, nikaenda kumsaidia kuikamua, kazi yetu ya zamani kabla hajaja wa kanga mbili. Yeye anashika gunia ncha moja, mimi ncha ya pili, tunalisokota mpaka nta inatoka na takataka zinabaki ndani. Nikaongeza kuni kwenye moto. Akaniambia niziondoe, nta haitaki moto wa kukimbizwa, ikichemka sana inaungua inakuwa nyeusi. Nikaziondoa. Kisha bila kuacha kusokota akaniuliza ni nani aliyeniambia.

Nikamwambia ni kichwa kikavu cha mkeo. Na nikamwambia yote, maana nilikuwa nimeyashika siku nyingi. Kwamba mficha uchi hazai, na yeye kaufichua uchi wake kwa mtu mmoja na mimi kanifungia mlango. Kwamba alinidhania nimesimama pale kumtazama kama anayetazama ngoma.

"Baba Swaumu, kwetu mtu wako akiumizwa na watu, humwachi kwa macho," nikasema. "Ukifumba, umemwacha peke yake nao. Nilitazama ili uwe na mtu wako pale chini. Laiti ningejua, ningejifunika gunia."

Gunia likalegea upande wake, nta ikamwagika. Hakuiokota. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akafunika uso kwa viganja vyake, na mimi mara hii nikageuka nikatazama ng'ombe mpaka akamaliza.

Baada ya hapo ua wetu ukawa na amani ya ajabu, nakubali. Hakuna aliyechemsha maji. Hakuna aliyepika supu ya kwato. Ule unga mwekundu aliutupa shimoni mwenyewe, na ugoro aliokuwa akiuvuta kwa siri akauacha, akasema kama Matonya kaweza na yeye ataweza. Akija kwangu tulilala tukizungumza. Nilimweleza vijembe vyangu vyote kwa Mishi akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa haniogopi tena kwa sababu hakuna alichotakiwa kunipa, mwalimu mwenyewe amekataza. Siku moja akaulaza mkono wake tumboni kwangu akausahau hapo mpaka asubuhi. Mimi sikusogea. Nilisema moyoni, polepole, nta haitaki moto wa kukimbizwa, na kwangu ndiko itakakoyeyukia, kwa sababu shauri la kupumzika ni langu, akili ni yangu, na uongo wa mbele ya msikiti niliubeba mimi.

Ardhi ikakauka, makorongo yakapasuka, tukawa tunatazama mashariki kila jioni. Wingu hata la kufutia macho hakuna.

Alfajiri moja ya zamu ya Mishi nikasikia kuni zinavunjwa. Nikatoka. Moshi. Nikajiambia ni uji, labda tumbo linamuuma. Lakini juu ya mafiga yake nikaona chungu kikubwa, kile anachopikia wali wa karamu, na Mustapha kasimama pembeni anangojea, anajikuna kichwa kama kijana. Aliponiona akaingia ndani haraka.

Nilichukua mtungi nikawa wa kwanza chemchemini, nikakaa juu ya jiwe. Jua lilipochomoza Mishi akaja. Kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi, lakini mabegani ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yanamdondoka bado nyuma ya masikio. Shingoni kote dalia imemtiririkia, mistari ya manjano imeingia mpaka kifuani. Mvua haijanyesha. Alitua mtungi wake akasimama, na uso wake ulikuwa na aibu na furaha asivyoweza kuvificha hata akijaribu.

Nilitaka kuupasua ule mtungi. Nilitaka kumkumbatia vilevile, maana mume wetu alikuwa amerudi kutoka kule chini mchangani, na nilikuwa nimemwombea hilo katika kila sijda. Ila jamani, kwa nini kwake? Akili yangu, uongo wangu, mkono umelala tumboni kwangu, halafu anainuka anakwenda kuamkia kwa yule! Nililia kidogo, sikatai. Mishi akanichotea maji, akanitwika mtungi wangu kichwani kwa mikono miwili, na sikumkatalia.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwa Mwamvua mfinyanzi, nikamkuta anapanga vyungu vyake juani. Nikamwambia nataka kikubwa kuliko vyote. Akaniuliza cha pombe au cha nafaka.

Nikamwambia cha maji ya kuoga, cha watu wawili, na nakichukua sasa hivi, kwa sababu zamu yangu inaanza leo jioni.